Uzi wa pamba au polista kwenye blanketi la vipande: anza na pasi

Kuanzia mwezi wa tano, baridi ya Makete, Njombe na Mbeya inapoanza kubana, mifuko ya vipande vya vitenge iliyokaa chini ya meza za mafundi mwaka mzima inaanza kufunguliwa. Blanketi la vipande ni kazi ya msimu huo: juu vitenge vilivyounganishwa, katikati kitu cha kutunza joto, chini shuka au kitambaa kizima, halafu mistari ya cherehani inayoshikanisha tabaka zote tatu. Kamusi zinaliita mfarishi, ila ukilitamka neno hilo kwenye soko la Mwanjelwa, Mbeya, utaulizwa unatafuta nini hasa.

Kabla mkasi haujashikwa linakuja swali la uzi. Jibu la haraka ni "pamba kwa pamba, polista kwa polista", nalo limeanza kuzeeka. Polista yenyewe ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Kabla ya hapo aliyeshona kitambaa cha pamba hakuwa na polista ya kulinganisha. Leo tunayo, tena ndiyo imejaa madukani, na mimi huanza na swali jingine kabisa: unapiga pasi ya namna gani?

Pasi ndiyo inayoamua

Mshonaji wa vipande hupiga pasi zaidi kuliko fundi wa magauni. Chukua blanketi la sentimita 150 kwa 195, lenye miraba ya sentimita 15 ikishashonwa. Ni safu 13 za miraba 10, jumla 130. Kuunganisha miraba hiyo kunatoa mishono mifupi 117 na mirefu 12, na kila mmoja unatakiwa upigwe pasi kabla haujakutana na mwingine. Ukiruka hatua hiyo pembe hazikutani, na ukifika safu ya sita kitambaa kinaanza kuvimba katikati kama chapati.

Pasi ya mkaa haina kitufe cha kupunguza moto. Ikitoka kupepewa inaweza kuwa kali kupita kiasi, na mishono hii hupigwa pasi kwa upande wa nyuma, yaani uzi uko wazi kabisa chini ya chuma. Polista huyeyuka kwenye nyuzi joto 255 hadi 260 hivi za Selsiasi, lakini huanza kulainika na kunywea mapema zaidi ya hapo. Uzi ulioguswa na moto namna hiyo unakuwa mkavu na unakatika ukivutwa kidogo. Pamba haiyeyuki. Inaungua, ndiyo, lakini kabla ya kuungua inabadilika rangi na kutoa harufu, kwa hiyo unapata muda wa kunyanyua mkono. Polista haikuonyi.

Kwa hiyo ukiwa na pasi ya umeme yenye vipimo, weka kiwango cha kati na nusu ya mjadala huu haikuhusu. Ukiwa na pasi ya mkaa, dondoshea tone la maji kwenye chuma. Tone likiruka na kukimbia kama shanga, hapo usiguse mshono wa polista. Iache ipoe kwanza. Likitulia na kuchemka palepale kwa sauti, endelea, lakini weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya mshono. Kitambaa hicho ni kinga ya kweli: maadamu bado kinatoa mvuke, joto lililo chini yake haliwezi kupanda mbali na lile la maji yanayochemka, na kwa mwinuko wa Mbeya hilo ni nyuzi 94 hivi. Kikikauka kinga imekwisha, kiloweshe tena.

Jua kwanza umeshika uzi gani

Tatizo kubwa madukani ni jina. Uzi mwingi wa koni wanaotumia mafundi ni polista iliyosokotwa kutokana na nyuzinyuzi fupi, kwa hiyo una vinyweleo, haung'ai sana, na ukiugusa unadhani ni pamba. Wauzaji wengi huuita pamba bila nia mbaya. Usibishane nao, nunua roli moja dogo ukalijaribu.

Kata sentimita 10, ishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani ya bati, nje ambako hakuna upepo, uisogeze polepole kwenye moto wa kiberiti. Pamba haiogopi moto. Inashika, inawaka, na ukiupuliza ncha inabaki na kaa jekundu linalotambaa kidogo. Harufu ni ya karatasi iliyoungua, na majivu ni ya kijivu, laini, yanasambaratika vidoleni. Polista inarudi nyuma kabla moto haujaifikia, inajikunja, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha kijipunje kigumu usichoweza kukivunja kwa kucha. Usikiguse kikiwa cha moto, kinang'ang'ania ngozi. Ukiona majivu ya karatasi na kijipunje kwa pamoja, huo huenda ni uzi wenye kiini cha polista kilichofunikwa kwa pamba. Ni uzi mzuri sana kwa kazi hii. Ukiupata, nunua.

Fanya jaribio hilohilo kwa nyuzi zilizochomolewa pembeni mwa kitenge chako. Siku hizi vitenge vingi laini vyenye rangi kali ni polista tupu, na hapo swali la uzi limejibiwa: uzi wa polista, pasi ya uvuguvugu.

Jaribio la pili halihitaji moto. Vuta uzi kwa mikono miwili hadi ukatike. Pamba inakatika ghafla bila kurefuka sana, na ncha zinachanua. Polista inanyumbuka kidogo kwanza. Uzi wowote unaokatika kama umechoka, bila kukukaza vidole, usiushonee kitu cha kudumu, hata ukiwa wa kampuni kubwa. Hili linawahusu hasa wanaotunza maroli ya mbao ya zamani: pamba iliyokaa miaka kwenye jua au unyevu inaoza kimyakimya. Roli ni pambo zuri la dirishani, basi.

Halafu soma namba. Kwenye koni utaona 40/2, 50/2, 50/3 au 20/2. Namba ya kwanza ni wembamba, na kadiri inavyopanda uzi unakuwa mwembamba. Ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. 40/2 ndio uzi wa kila siku wa mafundi, na kilomita moja yake ina uzito wa gramu 30 hivi. 50/2 ni mwembamba zaidi, unakaa vizuri ndani ya mshono wa vipande bila kuongeza unene. 20/2 ni wa jinzi na turubai. Uuache huko.

Je, polista inakata kitenge?

Imani hii ni ya kweli nusu. Hoja yake ni kwamba uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, siku blanketi likivutwa kitakachoachia ni kitambaa, wala si uzi. Na mshono uliofumuka unashonwa upya kwa dakika tano, ilhali kitenge kilichochanika pembeni mwa mshono kinadai kiraka. Hoja ni sahihi. Lakini polista ya 40/2 yenye vinyweleo haikisagi kitenge kama msumeno, kama wengine wanavyosema. Nikipewa blanketi lililochanika kando ya mishono, ninachotafuta ni kimoja kati ya hivi: uzi mnene mno, uzi wa juu uliokazwa kupita kiasi, mishono mifupi mno iliyotoboa kitambaa kama stempu, au uzi wa nailoni wa mafundi viatu. Huo wa nailoni unateleza, ni mgumu na hauna huruma. Usiuingize kwenye vitenge kabisa.

Mchanga nao ni mkosaji asiyetajwa. Blanketi lililoanikwa kwenye majani au juu ya ukuta wa udongo linarudi na punje ndogo ndani ya tabaka, na punje hizo zinasaga uzi na kitambaa kila linapokunjwa.

Faida ya kweli ya polista iko kwenye kufua. Pamba ikilowa inazidi kuwa imara, hilo watu wengi hawalijui, kwa hiyo maji si adui yake. Adui ni mvuto. Blanketi la vitenge lenye blanketi jingine ndani yake likijaa maji ni mzigo wa watu wawili, na mtu akilinyanyua kutoka kwenye beseni kwa ncha moja, uzito wote unaning'inia kwenye mistari michache. Polista inanyumbuka na kurudi, pamba inakatika. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nayo, ikitumika mara kwa mara, inakula pamba haraka kuliko polista.

Ndiyo maana mgawanyo wangu ni huu. Kuunganisha vipande, natumia pamba ya 50, au uzi wenye kiini cha polista, kwa sababu ndiko pasi inakopita mara mia. Mistari ya kushikanisha tabaka tatu, natumia polista ya 40/2, kwa sababu huko pasi haipiti tena na mvuto ndio mkubwa. Utepe wa pembeni, polista pia, maana pembeni ndipo mikono inapokamata. Ukikosa pamba nzuri, na Mbeya si ajabu ukaikosa, shona lote kwa polista na uiheshimu pasi. Pamba dhaifu ni mbaya kuliko polista nzuri, na hapo sina mjadala.

Kwenye cherehani

Loweka vitenge vyote usiku kucha na uvianike kabla ya kukata. Kitenge kipya cha pamba kina wanga na kinanywea kinapofuliwa mara ya kwanza, wakati polista hainywei. Usipofanya hivyo, kitambaa kinanywea, uzi unabaki na urefu wake, na mishono inalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Uzi mwekundu au wa bluu iliyokolea nao uujaribu: lowesha kipande, kikandamize kwenye kitambaa cheupe, angalia kama unaacha alama. Kwa vitenge vya rangi mchanganyiko, rangi moja ya kijivu cha kati au kahawia inatosha blanketi zima; huhitaji maroli sita.

Sindano: namba 11 au 14 kwa kuunganisha vipande, 14 kwa tabaka tatu zenye pamba nyembamba ya kujazia, 16 kama katikati umeweka blanketi la mitumba. Badilisha baada ya saa nane hivi za kushona. Uzi wa pamba ukianza kuchanua juu ya tundu la sindano, usiulaumu uzi haraka. Mara nyingi tundu ni dogo au lina ukali, nayo sindano mpya inamaliza kesi.

Urefu wa mshono kwenye vipande ni milimita 2 hadi 2.5, yaani mishono 10 hadi 12 kwa inchi, na akiba ya pembeni robo inchi. Kwenye tabaka tatu refusha hadi milimita 3. Piga bandi kwanza, mistari ya mkono iliyoachana upana wa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni. Tabaka zisizopigwa bandi zinatembea: meno ya cherehani yanavuta cha chini, mguu unazuia cha juu, na mwisho wa mstari unabaki na mkunjo usioweza kuuficha.

Sasa bobini, kwa sababu hapa ndipo polista inapowachezea watu. Ukiijaza bobini kwa kasi, polista inajazwa ikiwa imenyumbuka. Ikishashonwa inarudi kwenye urefu wake, na asubuhi unakuta mistari uliyoiacha imenyooka imefinyana. Watu hudhani kitenge ndicho kimenywea. Jaza bobini polepole, mkono umeushika uzi kidogo tu. Bobini za plastiki zikijazwa kwa kukaza zinaweza hata kupanuka na kukwama. Za chuma ni bora. Pamba haina tabia hiyo, lakini ina yake: vumbi. Kila ukibadilisha bobini ya pili au ya tatu, fungua bati la chini ya mguu na upitishe brashi, maana vumbi la uzi likichanganyika na la pamba ya kujazia na mafuta linaganda kama mkeka na mishono inaanza kurukwa.

Pamba juu na polista chini, au kinyume chake? Inawezekana, cherehani haijui dini ya uzi. Kinachotakiwa ni unene kukaribiana, na kupanga mkazo upya kila unapobadilisha. Toa kikopo cha bobini, kining'inize kwa uzi wake, utikise mkono mara moja: kinatakiwa kishuke sentimita chache kisha kisimame. Kikiporomoka hadi chini, kaza skrubu ndogo robo mzunguko. Kisiposhuka kabisa, ilegeze robo. Baada ya hapo usiiguse tena, pangia uzi wa juu. Shona sentimita 20 kwenye mabaki ya tabaka tatu zilezile. Uzi wa juu ukilala kama waya na vidoti vya uzi wa chini vikichungulia, legeza juu. Vitanzi vikining'inia chini, kaza juu. Lakini vitanzi vikiwa vingi kama kiota cha ndege, hilo si suala la kukaza: ulipitisha uzi ukiwa umeshusha mguu, na visahani vya kukazia vilikuwa vimefungwa, kwa hiyo uzi umepita juu yake. Inua mguu, pitisha uzi upya. Na kila unapoanza mstari, shika ncha zote mbili kwa mishono mitatu ya mwanzo.

Koni kubwa haikai kwenye kipini kifupi cha cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Isimamishe ndani ya kikombe kizito nyuma ya cherehani. Funga kijiti kwa utepe wa gundi nyuma ya cherehani, kisimame juu ya koni, na kwenye ncha yake weka pini ya kufungia nguo za mtoto; pitisha uzi kwenye tundu la pini ndipo uende kwenye cherehani. Uzi ukitoka kwa kupanda moja kwa moja juu ya koni haukwami. Ukiilaza koni ubavuni, uzi unatoka kwa kukwamakwama.

Uzi kiasi gani

Kwa blanketi lile la sentimita 150 kwa 195, mishono ya kuunganisha vipande ina urefu wa mita 35.5. Mistari ya kushikanisha kila baada ya sentimita 7.5, wima na mlalo, ni mita 74.5. Utepe wa pembeni, ukishonwa mara mbili, ni mita 14 hivi. Jumla ni mita 124. Zidisha kwa tatu, kwa sababu uzi wa juu na wa chini unazama kwenye unene na kurudi: mita 372, nusu yake hivi ikienda kwenye bobini. Nunua maroli manne ya mita 100, au ujue kwamba koni moja ya yadi 5,000 inatosha mablanketi kumi na ushehe ya namna hiyo.

Ukishona kwa mkono, au ukifunga vifundo

Hapa pamba inashinda bila ubishi. Kata uzi usiozidi sentimita 45, uburute mara moja juu ya nta ya nyuki, kisha uupitishe katikati ya vidole uingie vizuri. Nta inazuia kujinyonga na kuchanua. Uzi wa pamba unaouzwa tayari umepakwa nta au kung'arishwa kwa ajili ya mkono usiupeleke kwenye cherehani. Unaacha ute kwenye visahani vya kukazia na mkazo unakuwa wa kubahatisha. Vaa kastabini, kidole cha kati kitakushukuru.

Wasio na muda wa kupiga mistari hufunga vifundo kila baada ya sentimita 10. Tumia uzi wa pamba wa kufumia vitambaa. Toboa kwenda chini, rudi juu milimita 5 pembeni, funga kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, uache ncha za sentimita 2. Pamba inajibana yenyewe, na kila ikifuliwa fundo linakaza zaidi. Polista inateleza, na baada ya kufuliwa mara chache vifundo vinaweza kufunguka. Kama katikati umejaza sufi au pamba iliyochambuliwa kwa mkono badala ya blanketi, sogeza vifundo hadi sentimita 5, la sivyo sufi au pamba yote itahamia upande wa miguuni.